Barua Iliyoshikwa Kichwa Chini

Jumamosi, tarehe 22 Machi 2025. Manyunyu yalianza kabla ya mapambazuko, na kulipokucha wingu zito lilikuwa limeukalia mlima Kwaraa hadi kiunoni, kama mtu aliyejifunika blanketi asitake kuamka. Pale Maisaka vumbi la wiki nzima lilikuwa limegeuka tope, na kuku walisimama uvunguni mwa mkokoteni wakitazama mvua.

Brigita alikuwa ameamka mapema kuliko kuku hao. Alipiga magoti kando ya kitanda, rozari mkononi, akamwomba Mungu kitu ambacho hakuwahi kukiomba tangu azaliwe. Aliomba baba yake asije kwenye mahafali yake ya kidato cha sita.

Aliomba kwa aibu. Alijua kuna wenzake darasani ambao wangetoa chochote baba zao wafufuke, waje wakae kwenye kiti cha plastiki kwa saa moja tu na kuwavisha shada la maua. Naye baba yake yu hai, yu mzima, ana mikono miwili yenye nguvu. Lakini aliomba hivyohivyo. Ee Bwana, mletee kazi ya dharura. Mtu aje na mlango uliovunjika. Baba hakatai mlango.

Alipotoka uani alimkuta Mzee Sylvanus amesimama mlangoni mwa karakana yake ya useremala, amevaa koti la bluu alilofungia ndoa. Mama yake alikuwa akimpangusa mabegani kwa kitambaa kibichi, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Brigita hakuwa ameiona siku nyingi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mahafali yanaanza saa ngapi?"

Brigita alisema ni saa nne, ila huwa wanachelewa, na kuna tope, na viti ni vichache mno kwa wazazi wote.

"Nitasimama," alisema Mzee Sylvanus.

Mama alimvuta Brigita jikoni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba amembembeleza mwanamume huyu mwaka mzima atoke mle ndani aende penye watu, na leo ndiyo mara ya kwanza amekubali. "Kwa ajili yako, mwanangu. Usimkatishe tamaa." Brigita aliitikia kwa kichwa.

Ili msomaji aelewe hofu ya binti huyu, ni lazima turudi nyuma kidogo.

Mzee Sylvanus hakujua kusoma. Alikuwa fundi wa kuheshimika, na kwa miaka saba alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yao ndogo ya Kikristo, wale majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba kila Jumamosi alfajiri. Mwenyekiti ndiye aliyesoma Injili. Na kila Jumamosi alivaa miwani, akafungua Biblia mahali palepale panapotakiwa, akasoma bila kukosea, na watu walimsifu kwa sauti yake.

Kumbe kila Ijumaa jioni, kazi ikiisha, alikaa kwenye benchi karakanani na Brigita akamsomea. Alimsomea kipande, akanyamaza. Baba akarudia. Kipande kingine, akanyamaza. Kila kipande Brigita alikigonga taratibu kwa kidole kwenye goti la baba yake, ili kikae. Alianza kazi hiyo akiwa na miaka tisa. Baba na binti walipendana sana katika saa ile, na hawakuwahi kuizungumza nje ya karakana ile.

Mtu mmoja tu aliambiwa. Theodory, mtoto wa nyumba ya tatu, rafiki wa Brigita tangu darasa la pili, aliyegawana naye kila kitu, kuanzia penseli hadi mabua ya mahindi mabichi ya kutafuna. Brigita alimwambia siku moja wakitoka mazoezi ya kwaya, kwa sababu alikuwa amechoka kuibeba siri hiyo peke yake. Theodory alisimama njiani, macho yakamlowa. Akasema ataliweka jambo hilo katika sala.

Naye hakusema uongo. Novemba ya mwaka juzi, walipokuwa kidato cha tano, alirudi kutoka semina ya vijana ya parokia moyo ukimwaka. Jumamosi iliyofuata, ulipofika wakati wa nia za maombi, alifumba macho akasema kwa sauti safi, mbele ya watu ishirini na wawili: "Tumwombee mwenyekiti wetu, Baba Brigita, ili Mungu amjalie naye ajue kusoma na kuandika. Ee Bwana."

Na watu wote, kwa mazoea ya miaka mingi, waliitikia, "Twakuomba utusikie." Wote. Hata Mzee Sylvanus mwenyewe aliitikia, kabla masikio yake hayajamfikishia kilichosemwa.

Mzee Sylvanus alivua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya Biblia, akaondoka. Hakurudi tena jumuiya. Nyumbani alimwambia Brigita maneno mawili tu: kwamba yule kijana asikanyage kwake, na kwamba hakuna haja tena ya Ijumaa jioni.

Kwa mwaka mmoja na miezi minne Brigita hakumsemesha Theodory.

Kisha Januari hii Madam Kindness, mwalimu wao wa Kiswahili, aliandika mchezo wa kuigiza kwa ajili ya mahafali. Ulihusu kijana maskini anayepeleka barua ya posa kwa baba wa msichana ampendaye. Theodory alipewa nafasi ya kijana huyo kwa sababu alikuwa na kumbukumbu nzuri. Brigita alipewa nafasi ya msichana. Angeweza kukataa. Alifungua mdomo akatae, akashangaa kujisikia anauliza mazoezi yanaanza lini.

Basi wakawa wanazungumza kwa maneno ya Madam Kindness tu. Jukwaani kijana aliuliza, "Bado unanikumbuka?" na msichana akajibu, "Kila nichotapo maji." Wakishuka jukwaani kila mmoja alienda njia yake bila hata mambo wala poa. Lakini macho hayana mwandishi wa kuyapangia. Wiki ya tatu Theodory alisahau neno lake, akabaki anamtazama Brigita tu, na Brigita akajikuta ametazama naye mpaka Madam akapiga makofi kuwaamsha. Usiku ule alitubu. Kesho yake alitamani mazoezi yafike.

Jambo lililoharibu kila kitu lilitokea Jumatatu ya wiki hii. Walimu walilalamika kwamba mchezo una majonzi sana, wazazi watachoka. Dominiko, mchekeshaji wa darasa, aliyeigiza baba wa msichana, akapata wazo. Alipokabidhiwa barua ya posa aliishika kichwa chini, akakunja uso, akaisoma kwa lugha isiyokuwepo, akaigeuza ubavu, akainusa. Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Madam Kindness alicheka mpaka akafuta machozi. Akasema kipande hicho kibaki.

Brigita alimfuata ofisini akamwomba akiondoe. Madam alimuuliza sababu. Brigita alisimama pale akitazama sakafu, kwa maana sababu hiyo ilikuwa siri ya baba yake, akatoka bila kujibu. Baadaye alisikia kwamba Theodory naye alikwenda kuomba jambo hilohilo, akaulizwa sababu ileile, naye akatoka bila kujibu.

*

Saa nne na nusu bwalo la shule lilikuwa limejaa. Mwamvita, aliyesimamia mavazi, alimfunga Brigita kitenge kichwani darasani jirani, huku akimlalamikia kwamba bibi harusi gani ana uso wa mtu anayekwenda kung'olewa jino.

"Tabasamu basi, dada. Unaposwa, huzikwi."

"Mwamvita, baba yangu amekuja?"

Mwamvita alichungulia dirishani. Alisema amekuja, yuko safu ya tatu, koti la bluu, na ameshika shada kama mtu aliyeshika yai.

Brigita aliinuka, kitenge kikiwa bado hakijakazwa, akatoka mbio.

Theodory alikuwa nyuma ya jiko la shule, mahali ambapo wapishi walikuwa wakigeuza pilau kwenye masufuria makubwa, akitembea huku na huku akirudia maneno yake. Alivaa shati jeupe la kuazima lililompwaya. Moshi wa kuni mbichi ulikuwa umetanda, na manyunyu hayakuwa yamekatika.

"Theodory."

Alisimama kama aliyepigwa. Lile jina, katika sauti ile, hakulisikia kwa mwaka mmoja na miezi minne.

"Baba amekuja," alisema Brigita. "Yuko ndani. Amevaa koti la harusi."

"Si walisema hatoki nyumbani?"

"Leo ametoka. Atamwona Dominiko ameshika barua kichwa chini. Atasikia bwalo zima likicheka. Kisha atatazama atuone wewe na mimi tumesimama pembeni. Atafikiri nini?"

Theodory aligeuka kulitazama bwalo. Midomo yake ilikuwa imepauka.

"Atafikiri tumemtungia mchezo," alisema.

"Ndiyo."

Theodory alisema ataenda kumwambia Dominiko aache. Brigita alimkumbusha kwamba Dominiko akikatazwa kitu hukifanya mara mbili. Akasema basi ataenda kwa Madam, atamweleza ukweli wote, hata kama ni dakika ya mwisho.

"Ukweli wa nani?" aliuliza Brigita. "Ule si wako, Theodory. Haukuwa wako. Nilikupa uniwekee, wewe ukausimamisha katikati ya watu."

"Niliomba. Brigita, mimi niliomba tu."

"Kwa sauti."

"Nilidhani tusimfiche Mungu kitu."

"Mungu alikuwa anajua tayari. Waliokuwa hawajui ni watu ishirini na wawili, waliokalia mabenchi aliyoyachonga yeye."

Mpishi mmoja aligeuka kuwatazama, akaona si mambo yake, akarudi kwenye sufuria. Theodory alijifuta uso kwa mkono wa shati la watu.

"Nilikuja kwenu mara tatu kuomba msamaha," alisema. "Mara ya kwanza na ya pili nilikosa ujasiri getini. Mara ya tatu nilibisha, baba yako akafungua. Alinitazama. Akasema karibu, kwa mazoea. Halafu akafunga mlango. Kila Ijumaa sili mpaka jioni, tangu siku ile. Sikuambii ili unihurumie. Nakuambia ujue kwamba hakuna wiki iliyopita bila mimi kuwa kwenye karakana yenu, kwa mawazo."

Brigita alitaka kusema neno kali. Alilitafuta hakuliona. Badala yake yalimtoka maneno mengine, yale aliyokuwa akiyanyamazisha tangu Januari.

"Nimejitahidi kukuchukia. Nimeomba hata neema ya kukuchukia, sijui kama kuna neema ya namna hiyo. Nimeshindwa. Ukisema yale maneno ya posa najua ni ya Madam, lakini moyo wangu haujui."

"Yangu si ya Madam," alisema Theodory. "Yaliacha lini kuwa ya Madam, sijui. Nakupenda, Brigita."

Walitazamana katika moshi. Kama isingekuwa siku ile, na kama isingekuwa jambo lile, labda huo ungekuwa wakati wa furaha kuliko wote katika ujana wao. Lakini kengele ililia bwaloni, na Brigita akamsogelea.

"Sikiliza," alisema. "Baba akitoka mle ndani leo ameinamisha kichwa kwa ajili yetu, imekwisha. Sitaweza kukutazama. Hata kama nakupenda kuliko kitu chochote, sitaweza kukaa na wewe mahali popote nikijua furaha yangu imesimama juu ya aibu yake. Unanielewa? Imekwisha kabisa, si kwa mwaka mmoja."

"Niambie la kufanya. Nitafanya lolote."

"Sijui. Kama ningejua nisingekuja kwako."

Theodory alitazama juu, kwenye wingu lile lisilotaka kuondoka mlimani. Alikunja mikono kifuani, akafungua mdomo.

Brigita alimshika kiwiko. "Omba kimyakimya," alisema.

Wakaomba kimyakimya, wamesimama kwenye tope, mpaka Mwamvita alipokuja kuwakemea kwamba watu wote wanawasubiri wao.

*

Sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Wazazi walitulia, watoto wadogo waliacha kulia, na kijana alipomuuliza msichana kama bado anamkumbuka, akina mama wa nyuma waliguna kwa utamu. Brigita alisema maneno yake yote bila kutazama safu ya tatu. Kisha akaenda kusimama nyuma ya pazia la kanga, maana msichana hakutakiwa kuonekana wakati baba yake akipokea posa.

Kupitia tundu la pazia alimwona Theodory akimkabidhi Dominiko barua kwa mikono miwili, ameinama. Alimwona akimnong'oneza kitu. Alimwona Dominiko akikonyeza jicho. Na Dominiko akaigeuza barua kichwa chini.

Bwalo lilicheka. Dominiko akakunja uso, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaanza kusoma lugha yake isiyokuwepo. Kicheko kikapanda. Mgeni rasmi alikuwa anapigapiga meza. Mzazi mmoja alipiga kelele kutoka nyuma kwamba mzee aazimwe miwani, na hapo ndipo watu walipozidiwa kabisa.

Brigita alitazama safu ya tatu.

Baba yake hakuwa amekasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alikuwa amekaa wima, mikono juu ya shada, akimtazama Dominiko kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kisha akamtazama Theodory. Kisha akalitazama pazia, moja kwa moja, kama aliyejua jicho la binti yake liko tundu gani. Mama alimshika mkono wa koti. Aliutoa mkono huo polepole, akainuka, akaanza kupenya katikati ya magoti ya watu kuelekea mlangoni. Hakuna aliyemwona. Wote walikuwa wanacheka.

Yesu, nisaidie, alisema Brigita moyoni. Hakuwa na sala nyingine.

Akafungua pazia akatoka.

Madam Kindness, aliyesimama pembeni na karatasi za mchezo, alimpungia mkono kwa hofu arudi. Brigita hakumwona. Alikwenda hadi kwenye kiti cha Dominiko, akapiga magoti kando yake kama alivyokuwa akipiga magoti akiwa na miaka tisa, akaishika barua kwa vidole viwili na kuigeuza ikakaa sawa.

"Unafanya nini wewe?" Dominiko alimnong'oneza. "Umeniharibia."

"Nifuatishe," alisema Brigita.

Alisoma kipande cha kwanza. Hakusoma kwa sauti ya jukwaani. Alisoma kwa sauti ile ya Ijumaa, ya chini, isiyo na haraka, iliyotulia mwishoni mwa kila pumzi. "Kwa baba yangu mheshimiwa." Akanyamaza. Akagonga kidole kwenye goti la Dominiko.

Dominiko alikuwa mjinga wa mambo mengi lakini hakuwa na moyo mbaya. Kitu fulani katika uso wa Brigita kilimzuia kucheka. "Kwa baba yangu mheshimiwa," alirudia.

"Nakuandikia nikiwa sina ng'ombe wala shamba." Akagonga.

"Nakuandikia nikiwa sina ng'ombe wala shamba."

Kicheko kilipungua, kikabaki hapa na pale, kikafa. Watu waliona kwamba mchezo umegeuka, ingawa hawakujua umegeukia wapi. Mgeni rasmi aliondoa mkono mezani. Theodory, aliyekuwa amesimama kama mti, alielewa, kwa kuwa yeye peke yake mle ndani ndiye aliyewahi kuambiwa kuhusu kidole kile na goti lile. Akapiga magoti palepale alipokuwa, uso umeelekea chini.

"Lakini nina mikono miwili, na nina Mungu."

"Lakini nina mikono miwili, na nina Mungu."

Brigita aliinua macho. Mlangoni, akiwa amewapa mgongo watu wote, mkono wake ukiwa kwenye fremu, baba yake alikuwa amesimama. Hakutoka. Manyunyu yalimlowesha bega moja la koti la bluu. Kipande kilichofuata Brigita alikisoma akimtazama yeye, na alipogonga kidole, aliona kichwa cha baba yake kikiinama kidogo, kama kilivyokuwa kikiinama zamani kila neno lilipokaa.

Akasoma mpaka mwisho. Baba alikuwa amegeuka. Midomo yake ilikuwa ikifuatisha.

*

Baada ya mchezo, muziki ulipigwa na wazazi wakapanga foleni kuwavisha watoto wao mashada, wakicheza na kupiga vigelegele kama ilivyo desturi. Brigita alisimama na wahitimu wenzake bila kusikia muziki. Theodory alikuwa mwisho wa mstari uleule, hatua kumi kutoka kwake, na hakuthubutu kumtazama. Madam Kindness alikuwa amemkumbatia Brigita bila kumuuliza kitu, na hilo lilimliza zaidi kuliko swali.

Aliwaona wazazi wake wakija. Mama alikuwa akilia waziwazi. Baba hakucheza. Alitembea taratibu na shada lake, watu wakimpisha, akafika mbele ya Brigita, akamvisha, akaliweka sawa shingoni kama anayepima mlango kwenye fremu. Brigita alisema, "Baba, nisamehe." Baba aliugusa uso wake mara moja kwa kiganja chake kigumu.

Kisha mshereheshaji, ambaye hakujua lolote, alimsogezea kipaza sauti kama alivyowasogezea wengine, akamwomba mzazi atoe neno moja la hongera.

Mzee Sylvanus alikitazama kipaza sauti. Brigita alitamani ardhi ipasuke. Baba akakichukua.

"Mimi naitwa Sylvanus," alisema. "Ni fundi seremala, hapo Maisaka. Mabenchi ya kule nyuma mliyokalia nimeyachonga mimi." Watu wachache walipiga makofi. Akasubiri wamalize. "Yule mzee wa kwenye mchezo aliyeshika barua vibaya, ni mimi. Sijui kusoma. Mwanangu huyu ndiye aliyekuwa ananisomea, kama mlivyoona."

Muziki ulizimwa. Mvua ilisikika juu ya bati.

"Yuko wapi Theodory?"

Theodory alitoka kwenye mstari. Alitembea kama anayekwenda kuhukumiwa, akasimama mbele ya mzee yule, mikono nyuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee Sylvanus aliwageukia watu. "Huyu kijana aliniombea nijue kusoma. Aliniombea mbele za watu, na mimi mwenyewe niliitikia. Nimemkasirikia mwaka mzima na zaidi. Sijamaliza. Namwomba Mungu nimalize, lakini sijamaliza, nisiwadanganye."

"Ndiyo, baba," alisema Theodory. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye shati la watu, naye hakuyafuta.

"Nimeona unavyomtazama mwanangu. Si leo tu kwenye mchezo. Nimekuona tangu mko wadogo. Ana miaka kumi na minane, nawe?"

"Kumi na tisa, baba."

"Nyote wawili mnaenda kusoma. Mpaka mmalize masomo yenu yote, usikanyage kwangu, usimsimamishe njiani, usimpigie simu. Ukimpenda kweli utavumilia."

Brigita alifumba macho. Miaka mitatu, labda minne, labda zaidi. Alipoyafumbua alikuta Theodory anamtazama kwa mara ya mwisho ambayo ingeruhusiwa, akaona katika macho yale kwamba ameshakubali, na kwamba kumemuuma kama kulivyomuuma yeye. Akaitikia kwa kichwa, kidogo sana, ili yeye tu aone.

"Nitavumilia, baba," alisema Theodory.

"Siku hiyo ukifika bado una nia, lete barua, kama yule wa kwenye mchezo. Usitume mtu. Iandike kwa mkono wako, kwa herufi kubwa, macho yangu bado hayajazoea."

Mzee Sylvanus aliinua macho. Mama alisogea akaushika kwa chini mkono wake ulioshika kipaza sauti. Mbele yao walikaa walimu na mgeni rasmi, na Madam Kindness ameziba mdomo kwa karatasi zake, na Dominiko amevua ndevu zake za pamba, na majirani wanne wa ile jumuiya ambao alikuwa akiwakwepa tangu Novemba ya mwaka juzi. Aliwatazama hao wanne mmoja mmoja. Kisha akainua sauti, ile sauti yake ya Jumamosi.

"Naahidi mbele ya Mungu, na mbele yenu nyote mlionicheka bila kujua mnamcheka nani. Jumatatu jioni naenda kuandikishwa darasa la watu wazima. Na barua hiyo ikija, nitaivalia miwani, nitaishika sawa, na nitaisoma mwenyewe kuanzia jina langu hadi jina lake, na mwanangu atakuwa amekaa pembeni, amenyamaza, ananisikiliza mimi."